Riwaya za zamani za Marekani: maswali yenu kuhusu chapa ya kwanza

Nimepata The Great Gatsby maktaba ilipokuwa inauza vitabu vyake vya zamani. Imeandikwa 1925. Ni chapa ya kwanza? (Msomaji, Columbus, Ohio)

Mwaka peke yake hautoshi, ndugu yangu. Wachapishaji Scribner's wa New York waliitoa riwaya hiyo ya F. Scott Fitzgerald tarehe 10 Aprili 1925, nakala 20,870, na Agosti wakachapa 3,000 nyingine. Zote ni za 1925. Zinatofautiana kwa maneno machache tu. Fungua ukurasa wa 60: chapa ya kwanza ina neno "chatter", ya pili ina "echolalia". Kisha ukurasa wa 205 utafute "sick in tired", na wa 211 "Union Street station". Ukiyakuta yote, umeshika kitabu kama kilivyotoka mtamboni, kabla ya kusahihishwa. Kwangu mimi utamu wa kukusanya uko hapo, kuliko hata bei.

Nakala yangu ya Gatsby haina ile karatasi ya juu yenye picha ya macho. Thamani inashuka kweli?

Inashuka sana. Enzi zile karatasi hiyo ilikuwa ya kukinga vumbi tu, na wengi waliitupa. Hii iliyochorwa na Francis Cugat ilikuwa ndefu kidogo kuliko kitabu chenyewe, kwa hiyo kingo zake zilichanika upesi. Nyuma yake jina la mhusika mkuu, "Jay", lilichapwa kwa j ndogo, na kwenye nakala nyingi likasahihishwa kwa wino, kwa mkono. Hebu fikiria mtu amekaa na kalamu, anarekebisha karatasi moja baada ya nyingine!

Lakini angalieni, karatasi hizi hunakiliwa siku hizi. Ikiwa nyeupe pe, haina mkunjo wala alama ya miaka, mwombe muuzaji athibitishe kwa maandishi kuwa ni ya asili. Akikwepa, achana naye.

Na The Sun Also Rises ya Hemingway?

Chapa ya kwanza ni ya 1926, nakala 5,090. Utaitambua kwa kosa la ukurasa wa 181: "stoppped", p tatu.

Kwa nini Sister Carrie ni adimu hivyo?

Kwa sababu mchapishaji wake hakuitaka. Doubleday, Page walishafungwa na makubaliano na mwandishi, Theodore Dreiser, basi mwaka 1900 wakachapa nakala 1,008 tu, bila kuitangaza kwa moyo. Hazikufika 500 zilizouzwa. Ukiiona popote, usiipite.

Ninaishi Tanga, joto na unyevu. Nihifadhije? 

Kabati lisigusane na ukuta wa nje, na jua lisifikie migongo ya vitabu. Usivifunge kwenye mfuko wa nailoni, maana unyevu ukinaswa humo ukungu utaota. Vitoe mara kwa mara, uvipepee kurasa. Na ukurasa ukichanika, dada, tafadhali usitie selotepu: gundi yake huacha doa la kahawia lisilotoka tena.