Nanga ikinasa kwenye kebo ya umeme

Ndugu yangu, unavua kati ya Tanga na Pemba na umeuliza kama chumvi ndiyo inayoua nyaya za umeme baharini. Chumvi peke yake si adui mkubwa. Kebo hizi mara nyingi huvishwa gamba la madini ya risasi, na juu yake nyuzi nene za chuma. Kinachoziua zaidi ni nanga na nyavu za kukokota. Gamba likipasuka, maji hupenya polepole hadi kwenye kihami, yaani tabaka linalozuia umeme usivuje, na kebo inaweza kuungua miezi mingi baadaye, aliyeigonga keshasahau. Miamba nayo huikwangua pale mkondo unapoitikisa.

Pemba imekuwa ikipata umeme kwa kebo ya kilovolti 33 kutoka Tanga tangu 2010. Nanga ikinasa, nakusihi, usiivute! Kata kamba, kumbuka mahali, katoe taarifa bandarini siku hiyohiyo.