Majibu ya homoni yametoka, sasa nayasomaje?

Nina miaka 29, nipo Tabata. Nimepima projesteroni siku ya 21 imetoka 1.2, nimeambiwa yai halipevuki. Mzunguko wangu ni wa siku 35. Nalia tu.

Pole sana mdogo wangu, ila usilie kwanza. Hiyo siku ya 21 ni ya mtu mwenye mzunguko wa siku 28, maana projesteroni inapanda baada ya yai kutoka na inafika juu kama siku 7 kabla ya hedhi inayofuata, sasa wewe wa siku 35 yai lako linatoka karibu na siku ya 21 yenyewe, yaani umetolewa damu kabla homoni haijapanda. Mwambie daktari akuandikie tena, upime siku ya 28, na siku ya kwanza unaihesabu damu ikianza kutoka kabisa, yale matone ya kahawia usiyahesabu. Ikizidi 3 yai limetoka. Hiyo 3 ni ya ng/ml lakini, maabara nyingine wanaandika nmol/l na hapo inakuwa karibu 10, kwahiyo angalia kilichoandikwa pembeni ya namba kabla hujalinganisha na karatasi ya shoga yako.

Dada, AMH yangu 0.8, nina miaka 34. Kuna mtu Kariakoo ananiuzia dawa ya kuongeza mayai.

Usinunue, nakuomba. Mwanamke anazaliwa na mayai yake yote, hakuna chupa inayoongeza. AMH ni homoni inayokadiria akiba ya mayai iliyobaki, haisemi kama mayai ni mazima wala kama utashika mimba au hutoshika, wapo wengi wenye AMH ndogo wanabeba kawaida kabisa ilimradi yai linatoka kila mwezi. Inamsaidia zaidi daktari wa IVF, yaani wa kutungisha mimba maabara, kujua utatoa mayai mangapi ukichomwa sindano ya kukuza mayai. Ila kwa umri wako usikae ukisubiri, hiyo hela ya chupa ipeleke kwa daktari wa wanawake.

FSH nipime lini? Niliacha sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu juzi juzi tu.

FSH ni homoni inayokuza mayai, ipime siku ya 2 mpaka ya 4 ya hedhi, pamoja na LH, homoni inayolitoa yai, na estradioli, homoni ya kike inayotoka kwenye ovari, kwa sababu estradioli ikiwa juu inaishusha FSH ukaona nzuri kumbe sivyo. Ila mwambie daktari kuhusu sindano, yai linaweza kuchelewa hata miezi 10 tangu uchomwe ya mwisho, inawezekana ni mapema mno kupima. Na kama unameza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, aina ya vitamini, waulize maabara uviache lini, vinaharibu majibu.

Homoni zangu zote ziko sawa, mirija sijapima, mume hataki kupima. Mama mkwe ananiita mgumba.

Hili linaniuma kila nikilisoma. Homoni hazionyeshi mirija, hiyo ina picha yake ya eksirei wanapitisha dawa. Na karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, tatizo lipo kwa mwanaume pia au kwake peke yake, na kipimo cha shahawa hakina sindano wala maumivu. Muombe mwende wote wawili, akae siku 2 mpaka 7 bila kumwaga, na kabla ya majibu yake usikubali kuchomwa sindano yoyote ya kukuza mayai.