Barua kwa mwanangu: maji kwanza

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma mara tatu. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga, maana kwenye simu utalia na mimi nitakosa maneno, na kuna mambo humu utahitaji kuyarudia usiku ukiwa umekaa naye. Umesema mtoto wa mbwa uliyemchukua Jumamosi alianza kutapika Jumatano, na sasa anaharisha damu, hali wala hanywi. Daktari wa mifugo hapo Dodoma amekwambia ni parvo, na kumlaza kutamaliza karibu nusu ya mshahara wako. Ukiweka kando kodi ya chumba, mkononi una laki moja na ishirini mpaka mwisho wa mwezi. Halafu ukaniuliza: "Baba, nikimwacha Simba afe kwa sababu ya hela, nitakuwa mtu wa namna gani?"

Hilo nitalijibu. Ila Simba hana muda wa kusubiri, kwa hiyo naanza na maji.

Kirusi cha parvo hapa kwetu hatuna dawa ya kukiua. Kinachofanyika ni kumshikilia mnyama awe hai mpaka mwili wake wenyewe ukishinde. Kinakwangua utando wa ndani wa utumbo, kinaingia kwenye uboho wa mifupa na kupunguza chembe nyeupe za damu. Utumbo ukishachubuka, maji yanatoka juu na chini, na bakteria waliokuwa tumboni wanapenya kwenye damu wakati askari wa kuwazuia wamepungua. Kwa hiyo hela yako ina kazi tatu tu, kwa mpangilio huu: maji, sindano ya kuzuia kutapika, antibayotiki. Ukishauriwa vitamini au dawa ya kuongeza damu, sema asante, labda wiki ijayo.

Asubuhi rudi kwa daktari na umweleze kabla hajagusa chochote: "Daktari, nina elfu themanini. Siwezi kumlaza. Naomba umwekee dripu ya mshipani leo, umchome hizo sindano, kisha unifundishe kumpa maji chini ya ngozi nyumbani." Usione haya kutaja kiasi. Miaka yote niliyokuwa bwana mifugo, mtu aliyenitajia alichonacho mapema alinirahisishia kazi. Aliyeficha nilimwandikia dawa ambazo hakuzinunua, na mnyama akafa na karatasi mezani.

Wala usidhani hiyo ni tiba ya kubahatisha. Chuo Kikuu cha Colorado State kule Marekani walichukua watoto wa mbwa 40 wenye parvo, wakawagawa nusu kwa nusu. Wote waliwekewa dripu ya mshipani mwanzoni. Kisha 20 wakalazwa kwa matibabu kamili, na 20 wakatibiwa kwa njia ya bei nafuu, yaani maji chini ya ngozi, antibayotiki na dawa ya kuzuia kutapika. Waliolazwa walipona 18. Wale wengine walipona 16. Ile njia ya nafuu nayo ilikuwa na mtu anayewaangalia kutwa kucha, hilo lizingatie. Mbwa asiyetibiwa kabisa mara nyingi hufa.

Maji ya chini ya ngozi usiyaogope. Chupa ya ringer, yaani yale maji ya dripu, unaiweka kwanza kwenye beseni la maji ya vuguvugu, kwa sababu maji baridi yatampoza na yeye tayari amepoa. Unavuta ngozi ya begani juu kama hema dogo, sindano inaingia chini ya hema. Pale patavimba, utaona kama nundu ya ndama, laini. Nundu hiyo itateremka polepole kuelekea mguu wa mbele, na baada ya saa kadhaa itakuwa imeisha, mwili umeyanywa. Kiasi gani na mara ngapi kwa siku, daktari atakwambia akishampima uzito. Ukikuta nundu ya asubuhi bado ipo jioni, usiongeze, mpigie daktari. Hiyo ni dalili kwamba damu haizunguki vizuri.

Jifunze kumsoma. Inua mdomo, bonyeza ufizi kwa kidole, achia. Weupe ule unatakiwa urudi kuwa waridi kabla hujamaliza kuhesabu mbili. Halafu finya ngozi ya bega na uiachie. Ikibaki imesimama, bado ana kiu ndani. Fanya hivyo kila baada ya saa nne na uandike kwenye daftari, maana ukiwa umechoka utadhani ana nafuu kwa sababu tu unatamani awe nayo.

Mdomoni usimlazimishe kitu wakati bado anatapika. Kutapika kukitulia, mpe ORS kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, pembeni ya shavu, kijiko cha chai kimoja, subiri robo saa, kimoja tena. Huna pakiti? Lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Akilegea ghafla na kutetemeka, mpake sukari iliyoloweshwa kwenye fizi, sukari ya damu hushuka haraka kwa wadogo kama yeye, na umkimbize kwa daktari. Sisi zamani tulikuwa tunawanyima chakula mpaka waache kuharisha. Siku hizi imejulikana kwamba utumbo unapona haraka ukipata chakula kidogo mapema, kwa hiyo akikubali mpe uji mwepesi wa mchele na supu ya kuku isiyo na mafuta wala kitunguu. Majirani watakuja na maziwa na mafuta ya kula. Wapokee vizuri, usimpe. Na tafadhali, asionje Panadol wala diclofenac wala vidonge vya watu vya kufunga tumbo.

Wakinge pia mbwa wa majirani zako. Wewe hutaugua, kirusi hiki si cha binadamu, lakini viatu vyako vitakibeba mpaka uani kwao. Kwenye udongo kinaweza kukaa mwaka na zaidi. Osha sakafu kwa sabuni kwanza, kisha jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 30, iache dakika 10 ndipo usuuze. Ndala za kuingilia kwake ziwe zake tu.

Aliyekuuzia alikwambia amechanjwa, na unajilaumu kwamba hukudai kadi. Huenda alisema kweli. Sindano ya kwanza peke yake haitoshi, kwa sababu kinga iliyotoka kwenye maziwa ya mama huizima chanjo, ndiyo maana hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka mtoto afikishe wiki 16. Na ugonjwa hukaa kimya mwilini siku 3 mpaka 7. Hesabu mwenyewe kuanzia Jumamosi, yaelekea alikuja nao. Liache hilo.

Sasa swali lako.

Unamkumbuka yule mbwa wa kahawia tuliyekuwa naye Mafinga, ukiwa darasa la nne? Aliugua ugonjwa huu huu. Sandukuni nilikuwa na chupa mbili za dripu, nimezinunua kwa ajili ya ng'ombe wa mtu. Ulikuja kuniamsha saa tisa usiku, umejifunika shuka la mama yako, ukasema anatetemeka. Nikakujibu, "Kalale, ni mbwa tu." Asubuhi tulimkuta amelaza kidevu kwenye ukingo wa bakuli la maji, hakuweza hata kuyanywa. Hukuniuliza kitu. Ulikwenda shule. Sijawahi kukuomba msamaha kwa maneno yale, na leo nakuomba. Chupa zile kweli zilikuwa za ng'ombe. Lakini sikupima chochote usiku ule, sikuinuka hata kumwangalia. Wewe una laki moja na ishirini, hujalala siku mbili, na unapima kila shilingi kwa ajili ya kiumbe uliyekaa naye wiki moja. Mtu wa namna hiyo ndiye niliyetamani kumlea.

Kwa hiyo weka kikomo leo, kichwa kikiwa bado kimetulia. Kodi usiiguse, na usikope kwa wale wa mtandaoni. Elfu themanini ni za Simba, arobaini ni za kula yako. Siku tatu nne hizi ndizo ngumu, akizivuka wengi wao hupona. Zikipita akiwa wa baridi, fizi nyeupe au za kijivu, hainui kichwa ukimwita, na daktari anatikisa kichwa, mwombe sindano ya kumpumzisha moja kwa moja. Ukae naye, umshike. Hutakuwa umemtupa. Utakuwa umemfanyia ambacho mimi sikumfanyia yule wa Mafinga.

Nimekutumia elfu hamsini kwenye simu. Ni za dripu ya kesho, usizirudishe. Mama yako anauliza kama Simba ana cha kujifunika, nikamwambia una khanga yake ile ya kijani. Jaza chupa maji ya moto, ifunge kwenye khanga, mwekee mgongoni, usiku wa Dodoma una baridi msimu huu. Kukipambazuka nitumie picha ya fizi zake. Mpeleke dirishani, usiipige kwenye mwanga wa taa, rangi itadanganya.

Baba yako