Rangi Niiangalie Mwisho

Mmeuliza wiki hii: mtu achague vipi tunda ili apate utamu na lishe kwa pamoja? Mimi kwanza hujiuliza kama tunda lenyewe ni la kuendelea kuiva baada ya kuchumwa. Ndizi, embe, papai na parachichi huendelea, mradi yamechumwa yamekomaa. Ndizi hata ikiwa ngumu kabisa, ivundike tu. Wanga wake utageuka sukari.

Nanasi halina bahati hiyo. Halina akiba ya wanga, kwa hiyo likichumwa changa litageuka njano na kulainika, lakini utamu utabaki ule ule liliotoka nao shambani. Anayekuambia “litaivia nyumbani” anataka kuuza tu. Mimi hulinusa kitakoni. Likitoa harufu tamu, nalichukua. Likinukia kama pombe, limepitiliza. Lisiponukia kabisa, naliacha. Ile mbinu ya kuchomoa jani la katikati ili kujua kama limeiva siiamini hata kidogo.

Chungwa nalo haliongezi utamu likishachumwa. Hapa rangi hudanganya wengi, maana ganda hubadilika vizuri penye baridi ya usiku. Kwenye joto chungwa huiva na kubaki kijani. Shika mawili yanayolingana ukubwa, uchukue lililo zito, ndilo lenye maji. Tikiti maji pia lipime kwa uzito, kisha ligeuze utafute baka pale lilipolalia ardhi. Baka la njano iliyokolea ni dalili kwamba lilikaa shambani hadi likaiva. Baka likiwa jeupe, lirudishe tikiti.

Kwa upande wa lishe, watu hukimbilia chungwa wakitaka vitamini C, kumbe pera lina takriban mara nne ya ile ya chungwa kwa uzito ule ule, na unalila na ganda lake. Nyama ya embe au papai ikikolea rangi ya machungwa, ujue ina karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A. Matunda yaliyokatwa yakakaa muda mrefu siyanunui: vitamini C hupungua yakipigwa na hewa, na harufu ya kunisaidia kuchagua haipo tena.

Parachichi halilainiki likiwa mtini, kwa hiyo kulinunua gumu si kosa. Ukiwa na haraka nalo, lifunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu, gesi ya ethilini itakayotoka kwenye ndizi italiivisha upesi. Friji isubiri hadi lilainike.