Ssembabule na Sembabule: umbali ni 1, si 9

Umeuliza umbali kati ya Ssembabule na Sembabule, tahajia mbili za jina la wilaya moja ya Uganda, ukapata 9. Ni 1, ndugu. Hiyo 9 inatokana na kulinganisha herufi nafasi kwa nafasi: s moja ikizidi mwanzoni, zote zinazofuata zinasogea. Umbali wa Levenshtein unahesabu mabadiliko machache kabisa (kuongeza, kufuta au kubadilisha herufi) ya kugeuza neno moja kuwa jingine, na hapa kufuta s moja kunatosha.

Jedwali la kuhesabia umbali huo lina mistari 11 (Ssembabule, herufi 10) na safu wima 10 (Sembabule, herufi 9), yaani nafasi moja zaidi kila upande kwa ajili ya neno tupu. Mstari wa juu jaza 0 hadi 9, safu ya kushoto 0 hadi 10. Kila kisanduku kingine kinachukua namba ndogo kati ya tatu: cha juu + 1, cha kushoto + 1, cha mshazari + 0 herufi zikifanana au + 1 zikitofautiana. Jibu liko pembe ya chini kulia. Ukijaza mstari wa juu sifuri tupu, programu haitalalamika, lakini umeruhusu mwanzo wa neno la pili kurukwa bure na namba inaweza kutoka ndogo mno.

Ufanano (1 toa umbali uliogawanywa kwa urefu wa neno refu zaidi): 1 − 1/10 = 0.9. Ila usiunganishe majina kwa namba hii pekee. Kibaale (wilaya) na Kibale (hifadhi ya sokwe) nazo zina umbali wa 1; Bukwo na Buikwe, wilaya mbili tofauti, 2 tu! Linganisha na mkoa pia. Na ŋ ya Kiganda ihesabu kama herufi moja, usihesabu baiti, maana kwenye UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi kwenye kompyuta) ni baiti 2.