London hadi Tokyo: kilomita ni zilezile, saa zimeongezeka

SWALI: Nikipima London hadi Tokyo napata karibu kilomita 9,600. Ndege kubwa ya abiria huenda takriban kilomita 900 kwa saa, hivyo nilitarajia saa 10 na dakika 40. Mbona tiketi ya ndege ya moja kwa moja inasema saa 14?

JIBU: Hesabu yako ina kosa dogo na kosa kubwa.

Dogo ni la kasi. Ndege huifikia kilomita 900 ikiwa tayari juu, ilhali muda wa kwenye tiketi huhesabiwa tangu inapoondoka langoni hadi inapoegeshwa. Kutambaa uwanjani, kupanda na kushuka vyote vimo humo. Kwa safari ndefu, gawa kilomita kwa 850, kisha ongeza nusu saa. Hapa utapata kama saa 11 na dakika 48, na huo ndio uliokuwa muda wa safari hii hadi Februari 2022.

Kosa kubwa ni kudhani ndege inapita pale ulipopima. Chukua tufe la dunia, nyosha uzi kati ya miji hiyo: utapita Skandinavia na kaskazini kabisa mwa Siberia, karibu latitudo ya nyuzi 71. Sehemu kubwa ya njia hiyo ni anga ya Urusi. Tangu vita vya Ukraine vilipopamba moto mwaka huo, anga hiyo imefungwa kwa mashirika ya Uingereza na ya Umoja wa Ulaya, na yale ya Japani huikwepa. Basi ndege hushuka kusini: Uturuki, Bahari ya Kaspi, Kazakhstan, China. Walioumia zaidi ni wa Helsinki, ambao safari yao ya Tokyo ya saa 9 hivi imekuwa ya takriban 13.

Kurudi kuna kioja chake. Juu ya Japani huvuma mkondo wa upepo mkali kutoka magharibi kwenda mashariki, hasa majira ya baridi. Badala ya kupambana nao, baadhi ya ndege za kwenda London huondoka Tokyo zikielekea mashariki, upepo ukizisukuma, zikapita Alaska na Greenland. Abiria wa kwenda na kurudi anaweza kuwa ameizunguka dunia nzima bila kukusudia.

SWALI: Ndege inaondoka London 19:00, inafika Tokyo 18:00 kesho yake. Hizo si saa 23?

JIBU: Kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika. Tokyo iko mbele kwa saa 9, basi 23 toa 9 ni 14. Kurudi, unajumlisha: kuondoka 10:00 na kufika 15:30 siku hiyohiyo ni saa 5 na nusu jumlisha 9, yaani 14 na nusu. Wengi hukosea kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Oktoba, Uingereza inaposogeza saa zake na Japani haisogezi. Tofauti huwa 8.

SWALI: Nikipitia Beijing nitaokoa muda?

JIBU: Hapana. Ni kweli mashirika ya China bado hupita Urusi, na London hadi Beijing ni kama saa 10. Lakini ongeza saa 3 na zaidi hadi Tokyo, pamoja na kusubiri uwanjani. Ukiichagua kwa sababu ya bei, hakikisha safari zote mbili ziko kwenye tiketi moja, la sivyo ya kwanza ikichelewa, ya pili utailipia upya.