Samansi ya Deni la Maegesho

SWALI: Ndugu Mshauri wa Sheria, mwezi uliopita nilimpeleka mama mkwe kwa daktari usiku, nikaegesha gari katika uwanja wa mtu binafsi hapa Dodoma. Getini nililipa shilingi 1,000 ya saa moja. Mlinzi hakunieleza zaidi. Foleni ya wagonjwa ilikuwa ndefu, nikarudi saa tatu baadaye na kukuta karatasi kwenye kioo ikinidai shilingi 150,000 kwa kupitiliza muda. Kibao cha masharti kimefunikwa na matawi ya mwarobaini. Sikulipa, na sasa nimeletewa samansi ya Mahakama ya Mwanzo. Wenzangu kijiweni wanasema niichane kwa kuwa mtu binafsi hatozi faini. Je, ni kweli?

Msomaji, Nkuhungu

JIBU: Ndugu msomaji, usiichane. Ni kweli kwamba faini hutozwa na mamlaka iliyopewa nguvu hiyo na sheria, lakini mwenye uwanja anakudai deni la mkataba, na usipofika, mahakama inaweza kumsikiliza yeye peke yake, ikatoa hukumu ambayo hutekelezwa hata kwa kukamata mali.

Utetezi wako wa kwanza ni kile kibao. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka makubaliano ya hiari, na ni vigumu kusema umeridhia sharti ambalo hukuwekewa mahali pa kulisoma. Rudi pale kabla matawi hayajakatwa (na yatakatwa!), usiku, saa ileile uliyofika, upige picha ukiwa umekaa kwenye usukani, kwa maana hakimu anahitaji kuona ulichokiona wewe, si kibao kilichosogelewa mchana kwa hatua mbili. Beba pia ile karatasi na stakabadhi ya getini, na mama mkwe awe shahidi ikiwa afya inamruhusu.

Utetezi wa pili umo katika kifungu cha 74 cha sheria hiyohiyo: hata kama sharti lilikubaliwa, aliyevunjiwa mkataba hupata fidia ya kadiri isiyozidi kiasi kilichotajwa, kwa hiyo hizo 150,000 ni kikomo tu. Saa mbili ulizozidisha ni shilingi 2,000. Kubali kuzilipa mbele ya hakimu.

Hata hivyo, hoja hii usiiegemee peke yake. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba Barry Beavis, aliyepitiliza saa mbili za bure katika maegesho ya Chelmsford, alipe pauni 85, kwa kuwa vibao vilikuwa vingi na vya wazi, na msimamizi alikuwa na sababu halali ya kutaka magari yapishane. Uamuzi huo haumfungi hakimu wa Dodoma, lakini mdai akiutaja, mjibu kwa picha ya mwarobaini, na umkumbushe kwamba wewe ulilipia nafasi.

Shauri litaendeshwa kwa Kiswahili na unaweza kujitetea mwenyewe. Ukishindwa, una siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya.